Hiyo Sarafu Uliyonayo Si Yako

Ndugu zangu wa Kigobe, hapa Bujumbura, na nyinyi majirani wa Gihosha, Ngagara na Mutanga, na hata nyinyi mtakaoipata karatasi hii huko Uvira au Kigoma: leo nina neno na mtu mmoja. Jina lake silijui. Huenda ni wewe. Ana kitu cha chuma cha duara, kizito kuliko kinavyoonekana, cha kujaa katikati ya kiganja. Upande mmoja kina picha, na mahali fulani, nyuma au kwenye ukingo, zimechongwa herufi na tarakimu sita zisizosomeka kama neno. Dukani hakinunui hata kiberiti. Kimekaa kwenye droo, au kwenye bakuli la funguo, au kimening'inia kwenye begi la mtoto wa shule. Nasema na mwenye kitu hicho. Wengine kaeni msikilize, maana mtajikuta humu humu kabla hatujamaliza.

Cha namna hiyo nilikiona kwa zamu, yaani mlinzi, wa nyumba moja ya barabara yetu. Alikuwa amekifunga kwa waya pamoja na funguo za geti. Akanisimulia: siku mpangaji mzungu alipohama, kabati lilitolewa nje, akaambiwa alichukue, na ndani ya droo, chini ya karatasi za umeme zilizolipwa zamani, akakikuta. Akakipeleka mjini kwa mbadilishaji pesa. Yule jamaa akakigeuza, akakigonga mezani asikie mlio wake, akamrudishia: "Baba, hii si pesa ya nchi yoyote." Basi kikawa pambo. Nilikisogeza kwenye mwanga. Upande mmoja dira, upande wa pili maneno ya Kiingereza yakieleza kwamba safari yake inafuatiliwa kwenye Geocaching.com. Nikamwuliza kama anajua ni cha nani. Akajinyoosha, maana alidhani namshtaki, akasema, "Mwalimu, sikuiba. Nimeokota."

Nimeokota! Dhambi ngapi mji huu umezizika chini ya hilo neno? Simu imelia mara kumi kwenye kiti cha basi: nimeokota. Mwavuli wa msikitini: nimeokota. Biblia yenye jina la mwenyewe ukurasa wa kwanza, kwa wino, na tarehe ya ubatizo wake: nimeokota. Ukurasa wa kwanza una jina, ndugu yangu! Umeufungua mara ngapi ukaruka kwenda Mwanzo?

Sasa ujue ulichoshika, maana ujinga ni nusu ya kosa na leo nakusudia kukunyang'anya hiyo nusu.

Tarehe 2 Mei 2000, serikali ya Marekani, chini ya Rais Clinton, iliacha kuyavuruga makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Kabla ya hapo kifaa cha mtu wa kawaida kiliweza kukosea kwa mita 100. Usiku mmoja tu kikaanza kukuonyesha umesimama chini ya mwembe upi. Kesho yake, tarehe 3, bwana mmoja aitwaye Dave Ulmer akaficha ndoo msituni huko Beavercreek, jimbo la Oregon, akatangaza vipimo vya mahali pale, na akaweka sharti jepesi: ukiikuta, chukua kitu, acha kitu, andika kwenye daftari. Ndani ya ndoo ile mlikuwa na kopo la maharagwe. Naam, maharagwe! Murundi gani atashangaa kwamba mchezo wa dunia nzima ulianza na maharagwe? Kopo lile lilikuja kuokotwa, likapewa namba yake, na limetembezwa kwenye mikutano ya wachezaji kwa heshima ambayo maaskofu wengine hawaipati. Mchezo ukaitwa jiokeshingi. Septemba mwaka huo huo Jeremy Irish akaufungulia Geocaching.com, na leo makasha yake yaliyofichwa yapo kwa mamilioni, mabara yote, hata Antaktika kwenye barafu.

Sarafu zilikuja mwaka 2001. Aliyetoa ya kwanza ni Mmarekani aitwaye Jon Stanley. Lishikeni hilo jina la Stanley, kuna mwingine anakuja. Sarafu hizi hazikutengenezwa zikae. Mwenyewe huipa yake kazi: fika kwenye ziwa refu kuliko yote duniani, kisha urudi, au, pita kila nchi inayolima kahawa. Miguu haina. Inabebwa na watu wasiojuana. Mmoja anaikuta kwenye kasha la Nairobi, anaandika kwamba ameichukua, anasafiri nayo, anaiacha kwenye kasha la Kampala, anaandika kwamba ameiacha. Aliyeiona tu bila kuibeba naye ana nafasi ya kuandika kwamba ameiona. Ramani inachora mstari. Mwenyewe aliye Ujerumani au Kanada anafungua ukurasa wake asubuhi, chai haijapoa, anauona mstari umerefuka. Faida yake ni hiyo basi. Hapati faranga. Anapata mstari.

Na wewe ndiye uliyeukata.

Sarafu hizi hupotea, tena hupotea mno, hata wazoefu humwambia mgeni: ukishaiachia, ihesabu imekwenda, ikiandikwa tena, shukuru. Lakini si kila upotevu ni dhambi, na mhubiri anayelaumu mafuriko ni mhubiri mvivu. Rusizi ilipoingia Gatumba Aprili 2020, na Tanganyika ilipopanda miaka ile mpaka ikala barabara na nyumba za ufukweni, kasha lililofichwa kwenye mizizi ya mti wa pwani lingefanya nini? Moto wa kichaka haubishi hodi. Mtoto akikuta kisanduku chenye vitu vya kung'aa atakipeleka nyumbani, na mimi ningekuwa na miaka minane ningekimbia nacho. Na mwaka 2015, mji ulipochafuka na wageni wengi wakaondoka kwa haraka, nyumba za Kigobe zilibaki na droo ambazo hakuna aliyepata muda wa kuzifungua. Hayo yote tumsamehe kila mtu, mara moja, tusonge mbele.

Lakini wewe! Wewe uliyeichukua kwenye kasha ukijua ni nini. Ulisoma namba. Ukasema, nitaiandika nikifika nyumbani. Ukafika nyumbani, umeme ukakatika. Kesho yake ukawa na wageni. Wiki ikapita, ukaona haya. Mwezi ukapita, haya ikawa woga. Mwaka ukapita, na woga ukageuka umiliki. Hivyo ndivyo mtu mwema anavyokuwa mwizi bila kunyoosha mkono! Hakuna siku ambayo ungeionyesha kwa kidole ukasema, siku hii niliiba. Hakuna. Kila siku ulikuwa na sababu nzuri, na sababu zote zilikuwa za kweli. Umeme ulikatika kweli. Wageni walikuja kweli. Ila sarafu ya mtu imekufa mikononi mwako, na hata maiti yake hujaitangaza.

Na wewe mkusanyaji, unayezipanga kwenye kitabu chenye mifuko ya plastiki, moja kando ya nyingine, na kuwaonyesha jamaa zako jinsi zinavyong'aa: zako ulizonunua, panga mpaka uchoke. Za watu, zipo kifungoni.

Waislamu wa Buyenzi wanaijua hukumu ya mali iliyookotwa, wamefundishwa madrasa: uutambue mfuko wake na kamba iliyoufunga, kisha uitangaze mwaka mzima. Mwaka mzima! Nawe hukutangaza hata dakika tatu. Tena hukumu hiyo ina mlango wa pili ambao watu huupita wakikimbia. Mtume aliulizwa juu ya ngamia aliyepotea, na swali hilo likamkasirisha, akakataza mnyama yule asiguswe, kwa kuwa ana miguu yake na maji yake, atajiendea mpaka mwenyewe amkute. Sarafu iliyomo ndani ya kasha ni ya mlango huu wa pili. Haijapotea. Ipo safarini. Ilikuwa salama mpaka ulipoiokoa wewe!

Na Wakristo msijifiche nyuma ya majirani. Kumbukumbu la Torati, mlango wa 22, inamshika shingo mtu anayemwona ng'ombe wa mwenzake akitangatanga kisha akajifanya kipofu. Hata kama mwenye ng'ombe yuko mbali, hata kama humjui, utamkalisha kwako mpaka mwenyewe aje kumtafuta. Na huyo wa Torati hakuwa na namba ya mwenye ng'ombe imechongwa kwenye pembe! Wewe unayo, umeishika, inakukwaruza kidole. Halafu kuna yule mwanamke wa Luka 15 mwenye drakma kumi, aliyewasha taa na kufagia nyumba kwa ajili ya moja. Tumemhubiri mpaka watoto wanamaliza hadithi kabla yetu. Nani amewahi kuhubiri juu ya jirani ambaye drakma ile ingekuwa kwake? Anamsikia mwenzake anafagia. Anasikia meza zinasogezwa. Anageukia ukuta, analala.

Sasa twendeni Mugere.

Wengi wenu mmefika pale, kusini mwa mji, kwenye lile jiwe lenye majina ya wasafiri Livingstone na Stanley na tarehe ya 25 Novemba 1871. Mmepiga picha, mmekula brosheti njiani, mmerudi. Wachache wameuliza wale watu wawili walikuwa wametoka katika jambo gani. Nitawaambia. Walikuwa wametoka Ujiji, na Ujiji Livingstone alikuwa amekutana na mtu wa aina yako.

Mwezi mmoja kabla ya jiwe lile, tarehe 23 Oktoba kwa hesabu yake, Livingstone aliingia Ujiji akiwa mifupa mitupu. Njia nzima alikuwa anajipa moyo: pale kuna mali yangu. John Kirk alikuwa amemtumia kutoka Zanzibar kitambaa na shanga, vitu ambavyo katika njia zile ndivyo vilivyokuwa pesa ya kununulia chakula na kulipia wapagazi. Msimamizi wa msafara huo aliitwa Sherif. Livingstone aliiandika hesabu katika shajara yake: kati ya yadi 3,000 za kitambaa hakukubaki hata moja, na kati ya ratili 700 za shanga hakukubaki hata uzi. Sherif alikuwa ameuza vyote, akajinunulia pembe. Na msidhani alikosa sababu! Alikuwa amepiga ramli kwa Kurani, akaona kwamba mwenye mali amekufa. Kila mtu ana "nimeokota" yake. Kisha, hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, akaja kwa Livingstone bila haya, akanyoosha mkono amsalimu. Na aliponyimwa mkono, alinuna! Yeye ndiye aliyenuna, kama aliyeonewa. Mjaribu siku moja mtu aliyekalia kitu chako miaka mitatu, umwambie nirudishie. Utaona nani atakasirika.

Siku chache baadaye akafika Stanley, yule Henry Morton, akiwa na mfuko wa barua za Livingstone. Mfuko ule ulikuwa umeandikwa tarehe ya 1 Novemba 1870. Msafara uliokabidhiwa ulivuka kutoka Zanzibar hadi Bagamoyo, maili 25 za maji, ukakaa hapo siku 100. Siku mia moja, watu wanakula, wanalala, mfuko uko pembeni! Baadaye ukafika Unyanyembe, hapo Tabora, ukalala tena, mpaka Stanley alipoukuta na kuubeba mwenyewe. Barua za mtu ambaye dunia nzima ilikuwa inauliza kama yu hai. Nani aliziiba? Hakuna. Zililala tu. Mwaka mzima zilikuwa chini ya macho ya watu wazima wenye akili timamu, na kila mmoja wao angeapa, kwa haki kabisa, kwamba hakuzigusa.

Mmechoka na watu wa Sherif? Nami nimechoka nao. Sikilizeni basi habari ya watu wengine.

Mei 1873 Livingstone alifariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Kabla ya kuamua jinsi ya kuubeba mwili, watumishi wake Susi na Chuma waliwakusanya wenzao wote, masanduku ya marehemu yakafunguliwa mbele ya macho ya kila mmoja, na Jacob Wainwright, kijana aliyekuwa amekombolewa utumwani na kusomeshwa shuleni Nasik, India, akashika kijitabu cha marehemu akaanza kuandika. Orodha yake imehifadhiwa. Sanduku moja: yapata shilingi moja na nusu. Jingine: kofia, saa moja, visanduku viwili vya vipimo, dira. Akaendelea hivyo hivyo, kwa Kiingereza chake cha shule, mpaka vikaisha.

Shilingi moja na nusu! Mwenye pesa amekufa. Pwani iko zaidi ya kilomita 1,500. Hakuna polisi, hakuna mjane aliyesimama mlangoni, hakuna mhasibu atakayeuliza. Sarafu zile zingeingia ndani ya nguo ya mpagazi yeyote na hadi leo hakuna mwanahistoria ambaye angejua kama ziliwahi kuwepo. Na njaa ilikuwepo, na safari yote ya kurudi ilikuwa mbele yao. Kijana yule akaziandika. Akaziandika kabla ya kofia, kabla ya saa! Februari 1874, baada ya miezi ya kutembea, wakaingia Bagamoyo na maiti na mali, na tarehe 18 Aprili Livingstone akazikwa Westminster Abbey, Wainwright akiwa miongoni mwa waliolisindikiza jeneza. Mimi sitaki kujua maaskofu walihubiri nini siku ile. Mahubiri yalikuwa yameshaandikwa kwa Chitambo, mstari wa kwanza wa orodha.

Niwe mwadilifu pia, maana kuna jambo katika safari ile linalonisumbua. Unyanyembe wale wapagazi walikutana na Verney Lovett Cameron, afisa wa jeshi la majini la Uingereza, naye akachukua sehemu kubwa ya vipimo vya marehemu avitumie katika safari yake mwenyewe. Vipimo vilivyoandikwa kimoja kimoja! Wapagazi hawakupenda, nami sipendi mpaka leo. Lakini Cameron alivichukua mchana, watu wakiona, na ndiyo maana mimi wa Kigobe, zaidi ya miaka 150 baadaye, naweza kukwambia viliingia mikononi mwa nani. Nikimweka Cameron upande huu na wewe uliyekaa kimya upande ule, hesabu ya Cameron ni nyepesi. Kwa hiyo kama sarafu ya mtu imekuingia moyoni mpaka huwezi kuiachia, basi walau andika: ninayo, naipenda, niko Bujumbura. Mwenyewe atakasirika sana. Lakini ataacha kuitafuta makasha yote ya Afrika.

Mnasema, mwalimu, haya ni mambo ya wazungu wenye muda. Haya. Tuache sarafu. Bahasha ya dawa uliyopewa na jirani umfikishie mama yake Uvira, ukavuka nayo Gatumba, ukavuka Kavimvira, ukashuka, ukasahau: iko wapi? Ulipoikuta kwenye begi wiki mbili baadaye ulipiga simu? Au uliiweka juu ya kabati ukisema atakuwa ameshanunua nyingine? Mama yule alikaa na simu mapajani. Dawa ilikuwa mtaa wa pili kutoka kwake, halafu ikarudi Bujumbura kutalii. Ungepiga simu ukasema tu, "Shangazi, nimesahau, ninayo hapa," angekutukana nusu dakika na mambo yakaisha. Tunaogopa hiyo nusu dakika kuliko tunavyomwogopa Mungu.

Na tazameni kinachotokea watu wema wakinyamaza kwa wingi. Wenye sarafu wameacha kuzituma. Wengi sasa wanaiweka sarafu yenyewe nyumbani na kutuma kipande cha bati au karatasi iliyogandishwa ndani ya plastiki, yenye namba ileile. Zile lebo za bati ziitwazo Travel Bug zinauzwa mbili mbili: moja isafiri, nakala ibaki kwa mwenyewe. Siwalaumu. Lakini naona uchungu, kwa sababu mtoto atakayefungua kasha kesho atakuta karatasi, na aliyemnyima kile chuma kizuri cha kushika si mwenye sarafu. Ni wewe. Oktoba 2008 Richard Garriott alipanda na Travel Bug mpaka kituo cha anga cha kimataifa. Februari 2021 chombo kiitwacho Perseverance kilitua Mars kikiwa kimebeba namba ya mchezo huu huu kwenye kibao cha kurekebishia vipimo vyake. Ya Mars inajulikana ilipo. Ya Kigobe ndiyo haijulikani!

Yule zamu? Tulikaa naye kwenye ngazi ya geti. Nikajifungulia akaunti kwenye simu, ni bure, tukaingiza zile herufi na tarakimu sita, yeye akizisoma kwa sauti ya mtu anayesoma jina la mgonjwa hospitalini. Ukurasa ukafunguka. Mwenye sarafu alikuwa ameshaitangaza kwamba haijulikani ilipo. Kazi aliyoipa ilikuwa moja tu: kugusa maji ya Ziwa Tanganyika. Zamu akaangua kicheko mpaka mbwa wa nyumba akabweka. Sarafu ilikuwa imevuka bahari, ikafika Bujumbura, ikabakiza mwendo wa taksi-velo, ikazuiwa na droo. Tukaandika ujumbe, maneno yangu, Kiingereza cha binti yake. Jibu lilipokuja, mwenyewe hakuuliza nani aliichukua. Aliuliza Kigobe ni mahali gani, na kama kutoka hapo ziwa linaonekana.

Kwa hiyo nasema na wewe wa droo, sasa polepole. Mlango haujafungwa. Sarafu iliyotangazwa kupotea haifutwi. Siku yoyote mtu akiandika ile namba, inarudi kwenye hesabu, na umbali wake wote wa zamani uko palepale unaisubiri. Hakuna faini. Hakuna baraza la nidhamu. Hata jina unaloandikia ni la kujipachika, unaweza kujiita Kiboko wa Rusizi na hakuna atakayekujua. Toba gani nyingine umewahi kupewa kwa bei hii?

Itoe. Washa tochi ya simu, maana namba ni ndogo na ukingo umechakaa. Mwenzio asome, wewe uandike. Usiipige picha ukaisambaza WhatsApp na namba ikionekana, kwa sababu kuna watu watadai wameiona Lusaka na Muscat bila kuwahi kuigusa, na mstari wa mwenyewe utageuka uongo. Usiitupe kwenye kasha bovu lililojaa maji ili mradi imetoka kwako. Ukiona huna kasha zuri karibu, mwandikie mwenyewe kupitia ukurasa wake, mwulize anataka iende wapi, kisha umkabidhi msafiri anayeujua mchezo, mkononi, na yeye aandike kwamba ameipokea mkiwa bado mmesimama pamoja. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wachezaji ni wapole kuliko wahenga wetu, huvumilia yapata wiki mbili, na ukizidisha hapo wanataka neno moja tu kwa mwenyewe.

Na neno lenyewe lisikutie homa. Usieleze umeme, usieleze wageni, usieleze mwaka ulivyokuwa mgumu. Tarehe, mji, hali yake. "Ipo Bujumbura, imekwaruzika upande wa dira, inaondoka Ijumaa kwa basi la Dar es Salaam." Bonyeza.